Chukua Dodoma

Kitendawili! Nimewalalia, nimewatotoa, nimewafundisha kudonoa. Siku walipoyaona maji, wakaniacha nchi kavu. Usiharakishe kujibu. Hata Erick, mwenye miaka saba na mdomo usiotulia, alikuwa nacho kichwani tangu asubuhi, na mpaka wanapanda ngazi za ile hoteli ya mlimani inayotazama ziwa, alikuwa bado hajakitegua.

"Ni mtumbwi, Dada?"

"Mtumbwi unadonoa?" Melania alimuuliza, huku ameinama akimfunga Jovita, mdogo wake Erick, kamba ya kiatu.

Walimwita Dada, ingawa mvi zilikuwa zimeshachungulia ukingoni mwa kilemba chake. Kwenye nyumba ya mwajiri, dada hazeeki. Alitoka kwao Mwamgongo kwa boti, Erick akiwa bado tumboni mwa mama yake, na watoto wote wawili walijifunza kutembea wameshika pindo la kitenge chake. Sasa baba yao, mtumishi wa serikali, alikuwa amehamishiwa Dodoma. Mizigo imeshafungwa. Treni ni kesho.

Jana yake mama yao, Elinipa, alimfuata jikoni akasimama mlangoni, anachezea kitasa.

"Dada Mela, nyumba tuliyopata huko ni ndogo, na mama mkwe anakuja kukaa nasi. Wapeleke wakanywe chai hotelini, ile ya kifahari. Wakishashiba keki, waambie huendi. Au..." Alikitazama kitasa. "Au waambie utafuata. Watoto hawa, si watasahau?"

Melania aliijua hiyo "utafuata". Kila Elinipa alipokwenda semina, alipitia mlango wa nyuma akiaga kwamba anakwenda dukani. Aliyekaa na Jovita getini hadi giza linaingia, akimpangusa makamasi, ni Melania. Mwenye kudanganya huondoka zake. Kilio humwachia mwingine. Na safari hii huyo mwingine asingekuwapo.

"Karibu, mama," alisema mhudumu, Athumani, mtu mzima wa Ujiji mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. "Wajukuu hawa?"

"Siyo bibi," Jovita alimsahihisha. "Ni Dada yetu."

"Haya, nimekosa. Dada yenu."

Akawawekea birika jeupe, vikombe vyenye masikio madogo yasiyopitisha kidole, na sahani zilizopandana kama ghorofa: chini sambusa, katikati mikate iliyokatwa pembe, juu kabisa vikeki vya rangi ya waridi. Jovita alificha mikono mapajani kama aliye kanisani.

"Tunaanza ghorofa gani?" alinong'ona.

"Anzeni na wapangaji wa chini," alisema Athumani. "Wa juu hawana haraka."

Chai ilikuwa ya moto sana. Melania akavuta kikombe cha pili, akakiinua cha kwanza hadi usawa wa paji la uso, akamimina. Uzi wa chai ukashuka bila kukatika. Akageuza, akamimina tena. Wageni wa meza ya jirani waligeuka kumtazama, wakatabasamu wao kwa wao. Waache. Mikono yake ilikuwa inapoza chai. Moyo wake ulikuwa unatafuta pa kuanzia.

"Dada," alisema Jovita, "kesho kwenye treni nani atakaa dirishani? Mimi au wewe?"

Uzi ukakatika. Chai ikadondoka kwenye kitambaa cheupe.

"Kunywa kwanza, mwana wanje," alisema, akimwita mwanangu kwa lugha ya kwao.

Erick alishusha pumzi. "Mimi nimeshindwa. Nakupa mji. Chukua Ujiji."

"Ujiji sitaki, sokoni kwao nashinda kila siku."

"Chukua Mwandiga."

"Mwandiga vumbi tupu. Ongeza."

"Chukua Dodoma!" Jovita alipaza sauti, mdomo umejaa keki. "Dodoma yote!"

Mchezo una sheria yake. Mtegaji akipewa mji unaompendeza huupokea, akatamba kidogo jinsi alivyokwenda na alivyopokewa huko, ndipo atoe jibu. Watoto walikwisha kuegemea meza, wanangoja atambe. Melania akafungua mdomo. Ilikuwa rahisi mno: nilikwenda Dodoma, nikawakuta Erick na Jovita wamenisubiri... Uongo ungepita humo humo mchezoni, na asingejua mtu. Akatazama chini ziwani. Boti moja ilikuwa inaelekea kaskazini, upande wa kwao, ikiacha mstari mweupe majini.

"Huo siuchukui," alisema.

"Kwa nini? Mbona mkubwa!"

"Mkubwa kweli, baba. Lakini nikiupokea, nitakuwa nimewadanganya."

Erick aliitazama mikono ya Melania, iliyokuwa bado imeshika vikombe viwili visivyomiminiwa kitu.

"Ni kuku," alisema taratibu. "Kuku wako, yule aliyelalia mayai ya bata. Bata wakaingia kwenye karai, yeye akabaki anazunguka anapiga kelele."

"Umekitegua."

"Basi huji."

"Siji."

"Hata baadaye?"

"Hata baadaye. Huko mtakaa na bibi yenu. Mimi narudi kwetu Mwamgongo."

Erick aligeuza uso, akaziba macho kwa kiwiko. Athumani, aliyekuwa anakuja na maji ya moto, alisimama kidogo, kisha akageuza njia.

Jovita hakulia. Alishuka kitini, akapanda mapajani mwa Melania na viatu vyake, akachukua vile vikombe viwili, akajaribu kumimina chai yake kama alivyoona. Nusu ilimwagika. Hakuna aliyemkataza.

"Lakini hujanijibu," alisema, macho kwenye kikombe. "Dirishani."

Melania alikishika kiganja chake, akamsaidia kukiinua kikombe juu kidogo, na juu tena.

"Utakaa wewe," alisema. "Upande wa stesheni. Mimi nitakuwa nimesimama chini, nautafuta uso wako."