Shokapu za Bi Ghalia

Finjani ilikaa juu ya dashibodi, na sisi watatu tuliikodolea macho: mimi, kaka yangu Asaad, na fundi Marzouq. Asaad aliyapita mawe na matuta kwa fujo, kahawa haikuruka hata tone.

"Alhamdulillah!" Akapiga usukani. "Shokapu ngumu ndizo. Sikukwambieni?"

Ilikuwa mjini Ibra, mwaka 1998, wiki moja kabla ya Idi. Kwa mshahara wangu wa ualimu nilikuwa nimenunua gari kukuu, miguu yake ya mbele imechoka. Ukikanyaga kijiwe, meno yanagongana. Mama yetu, Bi Ghalia, aliwahi kuvunjika nyonga. Miaka mitatu alikuwa hajamwona dada yake, Khala Radhia, aliyekaa milimani Dima wa Tayyin na mume mgonjwa asiyeweza kuachwa peke yake. Mara ya mwisho Mama alirudi kutoka huko analia kwa maumivu, akaapa hapandi tena. Nilimbembeleza mwezi mzima. Akakubali safari moja tu: nyonga ikimuuma, tusimtajie mlima mpaka afe.

Marzouq alituletea springi na shokapu za aina mbili tuchague, ngumu za wabeba mizigo na laini. Mimi nilitaka laini. Asaad akanicheka, "Mlima ule, mwalimu, si darasani kwako." Na mimi mjinga nikamsikiliza, zikafungwa ngumu.

Tuliporudi, Mama alikuwa mlangoni.

"Kahawa mlitia kiasi gani?"

"Kama kawaida, Mama."

"Kama kawaida!" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kidogo kwenye kitako cha finjani, kama anavyotiliwa mgeni? Hiyo hata ngamia angekimbia nayo! Ebo! Mnapima gari au mnapima adabu?"

Akaingia jikoni, akatoka na kikombe chake cha maua alichokuja nacho kutoka Unguja, kile kilichomo kabatini kwangu leo. Chai ya maziwa ilijaa mpaka ukingoni. Akampa Asaad akishike, Marzouq akaendesha. Hatukufika hata msikitini. Tuta la kwanza tu, chai yote ikawa kwenye kanzu ya dishdasha ya Asaad, na yeye anaruka kitini anapiga kelele. Marzouq alicheka, kisha akafunga zile laini siku ile ile bila kumuuliza mtu.

Siku ya pili ya Idi, Mama alikaa mbele, kikombe mkononi. Niliendesha huku jasho linanitoka. Kila jiwe nilimtazama usoni, na wallahi niliogopa. Yeye alipiga soga njia nzima, akanikosoa gia, akanywa funda mojamoja.

Khala Radhia alikuwa amesimama nje, mkono kwenye paji la uso kukinga jua.

"Ghalia! Njia imekufanyaje?"

Mama alishuka bila kushikwa mkono. Akamwendea, akampa kikombe.

"Nusu nimekunywa, nusu yako. Imepoa, lakini imefika."