Taa ya Mlango

Saa mbili na nusu asubuhi, taa ya tahadhari ndani ya simuleta ya chuo cha urubani ilizimika na haikuwaka tena.

Asnath hakushangilia. Alikaa kwenye kiti cha rubani, bisibisi mkononi, akaikodolea macho taa. Kisha akairusha ndege ya bandia kutoka uwanja wa bandia wa Tabora, akaipandisha hadi futi elfu moja, pale ambapo taa ilikuwa na mazoea ya kuwaka, akasubiri. Kimya. Akatua, akarudia. Kimya. Kadi mpya ya kielektroniki aliyoifunga ilikuwa inaisoma milango sawasawa.

Kadi ya zamani ilikuwa imekufa nusu. Kila mara ndege ya bandia ilipopaa, ilidai kwamba mlango wa nyuma uko wazi, na taa ikawaka. Katika ndege za aina ile taa ya tahadhari ni moja tu, ya njano, mbele ya macho ya rubani, na ina mlio wake. Yenyewe haisemi kuna nini. Kazi yake ni kumwambia rubani ashushe macho kwenye paneli ndogo iliyo karibu na goti, asome neno lililojitokeza: MLANGO, au CHAJI, au MAFUTA, au OILI. Akishasoma ndipo anaibonyeza taa kuinyamazisha.

Kadi mpya ilikuwa imeagizwa ng'ambo tangu Machi, ikakaa bandarini. Kanuni zinaruhusu simuleta kuendelea kutumika ikiwa na hitilafu ndogo inayojulikana, mradi kila anayeingia ameambiwa. Asnath alimwambia kila mmoja. Alibandika kipande cha utepe mweupe kando ya taa, akaandika kwa kalamu ya wino mzito: NI MLANGO. ZIMA UENDELEE. Asubuhi hiyo aliubandua, na mahali ulipokuwa pakabaki mstatili safi katikati ya vumbi na alama za vidole.

Alipokuwa akirudisha skrubu ya mwisho alisikia injini ya ndege halisi ikipita juu ya paa la bati, ikielekea magharibi. Huyo alikuwa Anton.

Anton alikuwa amechungulia mlangoni mapema, kabla ya kwenda kwenye ndege, kofia kisogoni.

"Fundi, bado unaibembeleza hiyo kadi?"

"Imefika jana jioni. Wewe nenda zako."

"Naenda Kigoma, mama. Leo hakuna Kapteni wa kunifokea pembeni. Babu wa babu yangu alikwenda Ujiji kwa njia hiyo hiyo na pembe za ndovu begani, miezi na miezi. Mimi saa moja na nusu, nimekaa kitako."

"Babu wa babu yako alikuwa anaangalia anapokanyaga."

"Na mimi nitaangalia. Nikipita Urambo nitaangalia shamba la mama yangu, nimemwambia atoke nje anipungie. Nikuletee nini, dagaa au migebuka?"

"Migebuka. Na iwe imekauka, usininukishie ndege ya watu."

Alicheka, akapiga bati kwa kiganja, akaondoka. Ilikuwa safari yake ya kwanza ndefu akiwa peke yake. Bila hiyo hangepata leseni.

Prachi aliingia akiwa bado anatafuna. Alikuwa binti wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, na kipindi chake kilikuwa cha kwanza siku hiyo.

"Shikamoo, Dada Asnath."

"Marahaba. Futa mikono kwanza. Leo nataka upae tu na kutua, niipime kadi mpya."

"Sawa. Basi nikuhadithie harusi ya Urvi huku narusha, maana jana umekosa uhondo."

Asnath alikaa nyuma kwenye meza ya mkufunzi, mbele ya skrini mbili. Moja ilionyesha vipimo vya ndege, nyingine ilionyesha picha ya kamera iliyo juu ya kichwa cha rubani: mikono, magoti, paneli. Prachi akapaa. Alipaa vizuri, mkono mwepesi, huku akieleza jinsi mpishi wa harusi alivyogombana na mjomba wa bwana harusi kuhusu sufuria. Kwenye futi elfu moja kidole gumba cha mkono wake wa kulia kiliinuka, kikaibonyeza taa ya tahadhari, kikarudi kwenye usukani.

Taa haikuwa imewaka.

"Mjomba akasema kama ni hivyo anabeba sufuria yake anaondoka nayo," Prachi aliendelea.

"Tua," Asnath alisema. "Rudia."

Prachi akatua, akapaa tena. Futi elfu moja. Kidole kikainuka, kikabonyeza plastiki iliyokufa, kikarudi. Macho yake yalikuwa mbele, na hadithi haikukatika.

Asnath aliangalia picha ile kama anavyoangalia kipimo asichokiamini, akitafuta kosa kwenye kifaa kabla ya kulitafuta kwenye kitu kinachopimwa. Hakuliona kosa kwenye kifaa.

"Mara ya mwisho. Ukishapaa ufuate reli," alisema. Safari hii, bila kumwambia, aliiamuru mashine ivujishe oili ya injini mara ndege itakapofika futi elfu moja.

Prachi akapaa. Taa ikawaka, ya kweli, na mlio wake. Kidole kikaibonyeza kabla mlio haujaisha. Kwenye paneli, karibu na goti lake, neno OILI lilibaki linang'aa. Sindano ya presha ikaanza kushuka. Prachi aligeuza ndege taratibu kufuata reli, akafika kwenye kisa cha bibi harusi kucheka mbele ya kasisi, na alikuwa juu ya Igalula ya bandia, juu ya mapaa yake ya rangi moja, injini ilipotetemeka na kufa.

"Dada! Umeniua!"

"Taa iliwaka. Ilikuwa inasema nini?"

"Mlango."

"Uliusoma huo mlango?"

Prachi alishusha macho kwenye paneli.

"Lakini si huwa ni mlango siku zote?" alisema. Sauti ilikuwa imepungua. "Si wewe mwenyewe uliandika?"

"Mimi niliandika."

Kulikuwa na wanafunzi sita. Wote walikuwa wamefundishwa jambo moja, kwa vitendo, kila siku, kwenye chombo alichokitunza yeye: kwamba taa ikiwaka baada ya kupaa, haina maana. Katika ndege halisi taa ile ilikuwa haijamwakia hata mmoja wao, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuwasahihisha. Na kati ya wote sita, aliyekaa saa nyingi zaidi kwenye kiti kile alikuwa Anton.

Asnath alitoka nje bila kuzima mashine.

Njia ya kwenda ofisi ya mkufunzi mkuu inakatiza sakafu ya zege ambako ndege hulazwa. Pale ilipolala ndege ya Anton palikuwa na doa, si kubwa, na kutoka kwenye doa lile matone yalifuatana kuelekea njia ya kurukia, yakiachana kadiri ndege ilivyoongeza mwendo. Asnath alichuchumaa akagusa tone moja. Lilikuwa bichi, lina rangi ya asali. Oili mpya. Naushad, fundi wa ndege, alikuwa ameibadilisha jana jioni, na alfajiri alikuwa amepanda treni kwenda msibani Bukene. Asnath alimpigia simu. Haikupatikana.

Kapteni Ngassa alikuwa anakunywa chai. Alikuwa mtu mzima, mstaafu wa mashirika mawili ya ndege, mwenye suti moja ya kijivu aliyoivaa kama sare.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba, fundi. Kadi imepona?"

"Imepona. Wanafunzi ndio hawajapona." Akamweleza kidole cha Prachi, neno lililobaki linawaka, matone kwenye zege. Alieleza kwa mpangilio uliotokea, bila kuongeza kitu. "Naomba umwite Anton kwenye redio, umwambie asome paneli."

"Kila ndege hudondosha. Pikipiki yako haidondoshi?"

"Hudondosha. Haya ni matone ya oili mpya, na yamefuatana hadi kwenye njia ya kurukia."

"Fundi, nisikilize. Kijana yuko peke yake safarini kwa mara ya kwanza. Ukimwita mtu wa namna hiyo ukamwambia fundi ana wasiwasi, unamtia tetemeko mikononi. Hofu imeangusha ndege nyingi kuliko oili. Nimefundisha watu tangu wewe hujazaliwa. Taa ikiwaka kweli, ataisoma."

"Prachi hakuisoma."

"Prachi alikuwa na harusi kichwani."

"Juzi ulikaa kiti cha pembeni kwenye simuleta wakati wa kipindi cha Ng'washi," Asnath alisema. "Ng'washi mikono yake ilikuwa imejaa ramani. Taa ilipowaka, nani aliizima?"

Ngassa aliutazama mkono wake uliokuwa juu ya meza, ukiwa umeshika kikombe. Akakiweka kikombe chini, akavuta redio.

Antena ya chuo ilikuwa juu ya mlingoti wa chuma nyuma ya ofisi, na sauti ya ndege iliyo mbali ilifika kupitia hiyo ikiwa imejaa mkwaruzo kama wa mchanga. Ngassa aliita mara mbili. Mara ya tatu Anton akajibu.

"Kapteni, nakupata kidogo. Nimeshapita Kaliua. Kila kitu shwari."

"Anton, taa ya tahadhari. Imewaka wakati wowote tangu uruke?"

Mchanga. Kisha kicheko.

"Kumbe Fundi amekuambia! Mwambie taa yake imenifuata mpaka huku. Iliwaka pale Urambo, mama ananipungia kanga, nikaizima. Huo mlango atautengeneza nikirudi."

Asnath alitazama saa ya ukutani. Kutoka Urambo mpaka kupita Kaliua ni zaidi ya dakika kumi.

"Anton," Ngassa alisema, na sauti yake haikubadilika, kwa maana hiyo ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. "Shusha macho kwenye paneli. Nisomee neno lililowaka."

"Oili," Anton alisema.

"Sindano ya presha iko wapi?"

"Chini. Kapteni, iko chini kabisa."

"Sawa. Punguza nguvu taratibu, usiikate. Unaiona reli?"

"Iko kushoto kwangu."

"Isogelee. Usinge iko mbele yako. Ukipita stesheni, upande wa magharibi kuna kiwanja cha mpira cha shule, kirefu kuliko vingine vya huko. Huko kwingine ni msitu. Umenipata?"

"Reli, stesheni, kiwanja." Kikapita kitambo. "Kapteni, imeanza kutetemeka. Mlio umebadilika."

"Na ubadilike. Wewe tazama mwendo wako. Usivute pua juu. Hata ikizima, usivute pua juu."

"Fundi yupo hapo?"

Ngassa alimpa Asnath kipaza sauti. Asnath alikishika karibu na mdomo, na akagundua kwamba kitu pekee alichokuwa nacho cha kusema chenye faida kilikuwa maelekezo.

"Nipo. Funga mkanda wa mabega. Kabla ya kugusa chini fungua komeo la mlango wako, usije ukabana."

"Mlango," Anton alisema, na ilionekana alitaka kucheka. "Haya. Naiona Usinge. Nayaona mabati. Fundi, ime—"

Redio ikarudia kimya chake cha kawaida. Ngassa aliita. Aliita kwa jina la ndege, kisha kwa jina la Anton, kisha akakabidhi kuita kwa Shomari aliyekuwa kwenye mnara wa kuongozea ndege, ambaye antena yake ni ndefu zaidi. Shomari hakupata jibu. Prachi alikuwa amekuja kusimama mlangoni, na hakuna aliyemwambia aondoke.

Asnath alitafuta namba ya stesheni ya Usinge kwa mtu wa reli anayemfahamu mjini, akapiga. Simu ilikuwa inatumika. Akapiga tena, ikawa inatumika.

Saa tatu na dakika kumi na tisa simu ya ofisini iliita. Alikuwa mkuu wa stesheni ya Usinge, amepewa namba na mnara. Alisema yeye na mwenzake walikuwa wamesimama jukwaani, wakaona kivuli kinapita juu ya mataruma ya reli. Walipoinua macho, ndege ndogo nyeupe ilikuwa juu ya paa la stesheni, chini mno, mlango wa upande mmoja uko wazi, pangaboi la injini limesimama wima. Ilikuwa inaelekea magharibi, upande wa kiwanja cha shule. Hawakuisikia ikija, alisema, wala ikipita.