Skrubu Kwenye Pindo la Kanga

Jana usiku, usingizi ulipokolea, niliota niko jikoni kwa mama, Urambo, naunganisha kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa.

Mama alikwisha kufa siku nyingi, lakini hakulitaja hilo, nami sikutaka kumkumbusha. Yeye alikuwa kijana, mwenye mvi mimi. Hata hivyo nilimwogopa vilevile.

"Mihambo, hilo sanduku la nini?"

"Kompyuta, mama. Vyote vipo, imebaki skrubu moja ya kubana feni. Tangu mchana naitafuta."

"Ninayo mimi." Ananionyesha pindo la kanga yake, limefungwa fundo. "Na sikupi."

"Bila feni itaungua, mama."

"Na iungue! Baiskeli uliifungua ukaiacha Mpanda. Cherehani ukaiacha Kigoma. Shule ndiyo usiseme, darasa moja huku, jingine kule, kama mtu anayeonja mboga. Wewe umewahi kumaliza nini?"

Kinu kinakohoa. "Hapo mama kasema kweli."

"Wewe umeulizwa?" mama anakikemea.

"Safari hii nafuata kanuni," najitetea. "Vijana wa duka la kompyuta wamenifundisha. Kabla hujashika vifaa, gusa kwanza ardhi, umeme wa mwilini ushuke." Navua kandambili, nakanyaga chini.

"Nani huyo?" ardhi inauliza.

"Mimi, Mihambo."

"Simjui. Nyayo zake hazitulii mahali. Asishike kitu."

Hapo jiko linakuwa behewa, na treni inaondoka. Kompyuta nimeipakata. Mama yuko chini, anatembea kando ya dirisha langu, taratibu tu, na treni haimwachi.

"Niombee, mama," namwambia. "Hii ikinishinda, sianzi kitu kingine tena."

Mama anainama, anaisemesha ardhi kwa sauti ile ya kumsuta jirani.

"Humjui vipi? Kitovu chake si nilikizika kwako, hapo nyuma ya jiko, kwa mikono yangu? Umekila, leo unajifanya humjui mwenyewe?"

Ardhi inafikiri. "Kumbe ndiye yule? Mbona kazeeka?"

"Kazeeka, lakini ni wangu. Popote atakapokanyaga, umtambue."

"Basi na ashike," inasema ardhi, na treni inasimama.

Mama analifungua fundo, ananipa skrubu dirishani. Naikaza. Kompyuta inawaka, na neno lake la kwanza ni, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Mama anajizuia kucheka, anashindwa. "Angalau ina adabu. Haya, radhi nimekupa. Ila usije ukaiacha njiani."

"Ahsante, mama. Na ile ya kitovu pia, ahsante. Sikujua."

"Ungejulia wapi? Kazi yako ilikuwa kulia tu."

Nikaamka. Kompyuta ilikuwa mezani pale pale, feni inaning'inia kama nilivyoiacha. Nilipovuta shuka nijifunike tena, mkono ukagusa kitu kigumu. Pindo la shuka lilikuwa limefungwa fundo, mizunguko miwili, ncha imefichwa ndani. Hivyo alikuwa akifunga mama peke yake. Mimi fundo hilo halijawahi kunikubali.

Nikalifungua polepole. Ndani mlikuwa na skrubu.

Leo nilikuwa nisafiri, niiache hivyo hivyo; sikwenda. Nimevua kandambili, nimekanyaga chini, nakaza.