Picha ya Munyi Mnadani

Munyi mwenyewe ndiye aliyemwambia dada yake aiuze ile picha.

"Uza tu, Igoki. Mimi si niko? Utanichora tena."

Igoki alikuwa akisita. Riziki yake ilikuwa kuchora mabango ya saluni na bucha mjini Embu, ndiyo iliyolipa chumba chake katika mtaa wa Dallas, hapo hapo mjini. Lakini katika picha hiyo alifika mahali ambapo mkono wake haukuwa umewahi kufika: kaka yake amekalia ndoo iliyopinduliwa, ametoka kuchimba mchanga mtoni, vumbi limemganda kwenye kope, anataka kucheka ila amechoka. Kirimi, mwenye jumba la sanaa Nairobi, alisema bila hiyo maonyesho aliyokuwa akimwandalia hayatakuwa na uzito. Basi Igoki akaitoa. Ilinunuliwa siku ya ufunguzi, na mgeni aliyeinunua akaondoka nayo.

Kabla mtama haujavunwa, ukingo wa mto uliporomoka, ukamfukia Munyi na koleo lake.

Mama yao, Alice, hakubaki na sura ya mwanawe ila ile ya kitambulisho, nayo ilikuwa imefifia hata macho hayaonekani. Baada ya mazishi alimwuliza Igoki, "Ile uliyomchora iko wapi?"

"Niliiuza, mama."

Mama hakumgombeza. Aliinuka akaenda kuwafungulia mbuzi, na tangu hapo hakumwuliza tena habari za kazi yake.

Igoki alimsumbua Kirimi kwa simu hadi akapata jibu. Yule mgeni haishi na picha zake. Anaziweka ghalani, ng'ambo, zingoje kupanda bei. Igoki alijaribu kumchora Munyi upya. Alipata pua, akapata mabega, kisha kwenye ndoo akawa amekaa mtu mwingine kabisa.

Miaka ilipita, jina lake likaanza kutajwa mbali. Ndipo Kirimi akampigia kwa furaha. "Mchimba mchanga wako amerudi! Anapigwa mnada hapa Nairobi."

Igoki akaenda na mama, aliyevaa gauni lake la kanisani. Waliikuta picha kwenye ukuta mweupe, taa imeielekea. Kikaratasi kando yake kilisema: Mchimba Mchanga, mtu asiyejulikana.

Mama alisogea. Akaanza kumsemesha Munyi kwa Kimbeere, polepole, kama anayemwamsha mgonjwa: mbuzi mweusi amezaa, paa la jikoni limezibwa. Halafu akanyoosha kidole amfute vumbi machoni.

"Mama, hairuhusiwi kugusa," mlinzi alisema.

"Ni mtoto wangu huyu."

Mlinzi akamtazama Igoki, akainamisha uso. "Pole sana, mama. Lakini hairuhusiwi."

Mnada ulipoanza, Igoki aliinua mkono mara moja, akapitwa kabla hajaushusha. Bei ikaendelea kupanda bila yeye. Mama akamvuta nguo.

"Wanasema nini?"

"Wanamnunua."

"Nani huyo?"

"Hatumjui. Yuko kwenye simu."

Nyundo iligonga. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na Kirimi akamkumbatia Igoki. "Sasa umefika!" Mama alikaa na mkoba magotini, akiwaangalia wale watu mmoja mmoja, kama anayetafuta mfiwa mwenzake.

Walipotoka nje aliuliza, "Huyo wa simu atamweka wapi?"

Igoki alikuwa ameshamwuliza Kirimi, na alijua: ghala jingine.

"Sebuleni, mama," akasema. "Pazuri, karibu na dirisha."

Mama akaitikia kwa kichwa. Kule nyumbani aliwasimulia majirani habari za sebule hiyo, na kila aliposimulia dirisha liliongezeka ukubwa. Igoki alikuwa akisikiliza, asimsahihishe. Aliendelea kualikwa kwenye maonyesho, na picha zake zilinunuliwa: vilima, mashamba ya miraa, vibanda vya soko vilivyofungwa. Watu walimwuliza kwa nini hachori tena nyuso. Alisema amechoka nazo.