Serikali ya Shibu

Preben alipopokea mshahara wake wa kwanza Dubai, aliugua. Kwao Denmark alizoea kukatwa karibu nusu ya jasho lake. Sasa pesa zimeingia nzimanzima, hazina hata mkwaruzo.

"Shibu, wamesahau kunikata," alimnong'oneza fundi mwenzake wa lifti.

"Hapa hakatwi mtu, kaka. Kula maisha."

Maisha hayakulika, hata wali ulimshinda. Akaenda kwenye kaunta ya serikali kuomba alipe kodi. Binti aliyekuwa pale alicheka mpaka ushungi ukamteleza, akampa kahawa na tende, akamtakia safari njema ya nyumbani. Ndipo Preben alipomshika Shibu mkono, machozi yakimlengalenga.

"Basi nikate wewe."

Shibu alikuwa anajenga kwao Kerala, India, nyumba imesimama haina paa. Alijifanya kufikiri kidogo, akakubali.

"Wewe, serikali?" mkewe Jincy aliangua kicheko. "Wewe ambaye hata paka wa jirani hakusikii?"

Mwezi wa kwanza ulipita kwa amani, Preben akanawiri. Wa pili, akabisha hodi asubuhi, Shibu ana tonge mdomoni. Mtoto wake anaumwa jino, na kwao Denmark meno ya watoto hutibiwa na serikali. Shibu akalipa. Kesho yake, kuna shimo kwenye maegesho. Keshokutwa, chekechea itafunguliwa lini? Fundi wa lifti akaanza kupanda ofisini kwa ngazi, asije akakutana na mwananchi wake.

Siku Preben alipoiona picha ya nyumba ya Kerala kwenye simu ya Shibu, damu ilimchemka.

"Paa hilo ni kodi yangu? Nataka uchaguzi!"

Uchaguzi ukafanyika sebuleni kwa Shibu, siku ya Ijumaa. Jincy, aliyechoshwa na hodi za asubuhi, akagombea kwa upinzani. Mpiga kura alikuwa mmoja tu, naye alijifungia chooni ili kura yake iwe ya siri. Jincy akashinda kwa kishindo.

"Jana ulimpelekea mchuzi wa samaki!" Shibu alifoka. "Hiyo ni rushwa!"

"Hiyo ni sera, mume wangu."

Papo hapo akashusha kodi mpaka ikalingana na gharama ya chakula cha Ijumaa, ambacho Preben na familia yake wangekuja kula. Akapiga marufuku malalamiko kabla ya chai. Meno ya mtoto akamrudishia baba yake. Preben akapiga makofi. Lakini serikali haiishi kwa makofi, hivyo mwisho wa mwezi Jincy akamkata Shibu pia.

Shibu alinuna wiki nzima. Kisha Ijumaa moja akajikuta amekaa roshani na Preben, sahani mapajani, wanaisengenya serikali kwa sauti ya chini isije ikawasikia kutoka jikoni.

"Wanakula tu hawa," alisema Shibu.

"Wote ni walewale," Preben aliitikia kwa furaha, akajiongezea wali.