Kuku wa Metresi Asiya

Khadidja alimuuma Eddy sikio siku ya Jumanne. Kabla ya Jumanne hiyo alikwisha kumuuma mtoto mmoja mkono na mwingine bega. Alikuwa na miaka mitano, mdogo wa umbo, na ukimkuta amekaa mkekani ungeapa kuwa huyu ametulia kama maji ya mtungini. Kisha mtu anamgusa tu, na meno yanafika kabla ya maneno.

Mama yake Eddy alikuja na shati lenye damu, akalizungusha ua mzima ili kila mtu alione. Alipoondoka, Béatrice, mwenye kuiongoza materneli, shule ndogo ya chekechea ya mtaa wa Buyenzi, alimwita Asiya, mwalimu wa darasa la Khadidja na Eddy.

"Asiya, mi nimechoka," alisema. "Akiuma mutu tena mbele ya likizo, tunamurudisha kwabo. Apana hivyo, wazazi wote wataondosha watoto."

"Unipe hizi wiki tatu zimebaki, madamu."

"Nakupa. Lakini kama ni sikio ingine, usikuje kunililia."

Asiya hakuogopa kupoteza mwanafunzi. Aliogopa kile kinachomngoja Khadidja nyumbani mchana kutwa. Mtoto yule aliishi kwenye parsele moja ya barabara ya kumi na nne, kaya saba ndani ya ua mmoja, kuta nyembamba. Baba yake, Shakuru, alikuwa fundi wa magari, hodari, mcheshi, mwenye kusalimia wazee kwa mikono miwili. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Katika ua ule kata zilikuwa nyingi, zote zinajua, na hakuna hata moja iliyopata kusema. Asiya mwenyewe aliwahi kupita pale jioni akasikia mama Khadidja anavyopigwa, akaongeza mwendo. Jambo hilo lilimkaa rohoni.

Shirika moja lilikuwa limeleta boksi la vitabu vya picha vya kuwafundisha watoto kuituliza hasira. Vitabu vizuri, karatasi inateleza. Asiya alifungua kimoja mbele ya darasa. Mtoto amekasirika, anaingia chumbani, anafunga mlango, anakumbatia mto mpaka moyo unatulia.

"Metresi, ile chumba ni ya nani?" Eddy aliuliza, sikio lake likiwa na bandeji.

"Ni ya huyu mutoto."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Na baba yake analalaka wapi?"

Watoto wakajadiliana. Mwishowe wakakubaliana kwamba yule mtoto amefukuzwa na watu wa kwao, masikini, na mmoja akaanza kumlilia. Asiya alifunga kitabu. Aliyekichora hakukosa nia njema, alikosa tu kufika Buyenzi.

Basi akatengeneza chake. Alikata maboksi ya sabuni, akayashona kwa uzi, akachora kuku. Hakuna mtoto wa mtaa ule asiyejua kuku mwenye vifaranga anavyokuwa ukimsogelea. Ukurasa wa kwanza kuku anatembea na wanawe. Wa pili, mbwa anawakanyagia chakula. Wa tatu, manyoya yote yamesimama. Wa nne, kuku anavuta pumzi mara tatu. Wa tano anafungua mdomo na kusema kilichomkasirisha, na mdomo ule Asiya aliupaka rangi nyekundu, akaufanya mkubwa kuliko kichwa chenyewe. Ukurasa huo aliupenda kuliko yote.

Wiki ya kwanza Khadidja aliuma kitabu. Hatuwezi kusema hakusonga mbele, maana boksi halina mama wa kuja kulalamika. Wiki ya pili alianza kutanua mikono kama mabawa na kuhesabu pumzi. Halafu ikafika Alhamisi, Eddy akamnyang'anya krayo ya kuchorea. Darasa zima likageuka kungojea meno. Khadidja alisimama, mabawa wazi, akavuta pumzi ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mi nakasirika," alisema, "juu umekamata krayo yangu."

Eddy alishangaa mpaka akairudisha. Asiya aliinamia kabati akijifanya anatafuta chaki, kwa sababu alikuwa analia na hakutaka watoto waone. Tangu aanze kazi hakuwahi kufurahi vile.

Jumatatu iliyofuata mama Khadidja alimleta mwanawe mapema kuliko watu wote. Alikuwa amejitanda ushungi mpaka kwenye macho, na mkono wa kushoto ameufunga kwa kanga. Alingoja mtoto aingie ndani.

"Sikukuja kugombana, metresi," alisema.

"Karibu, mama Khadidja. Ukae."

Hakukaa. "Ijumaa kaka mukubwa ya Shakuru alikuja kututembelea kutoka Rumonge. Tulikuwa tunakula. Mutoto akasimama, akafungua mikono hivi, akapumua, akapumua. Sisi tunacheka, tunasema ni muchezo ya masomo. Akaambia baba yake, 'Baba, mi nakasirika juu unapigaka mama.'"

Asiya aliutazama ule mkono uliofungwa kanga.

"Mugeni akaweka chakula chini. Shakuru akacheka mupaka kaka yake akaenda." Mama Khadidja alitazama mlango wa darasa. "Hakumugusa mutoto, al-hamdulillah. Alisema mutoto wa miaka tano hawezi kuwa na maneno kama ile, kuna mwenye alimutuma. Alisema ni mi. Usiku muzima ananiuliza nilimufundisha lini, na mutoto alikuwa anaangalia."

"Mama Khadidja, twende kwa wazee. Nitaenda na we, nitasema mimi."

"Nilienda mwaka ule ingine. Walituita wote wawili, wakatuambia tuheshimiane. Kisha tukarudi nyumbani, mi na yeye." Alisema hivyo bila hasira yoyote. "Metresi, mutoto anakusikiaka we. Mi nikimwambia anyamaze, ananiambia kuku haifanyake hivyo. Umufundishe kunyamaza. Nakuomba kwa Mungu, Shakuru asikuje akaniua."

Asiya angeweza kukataa. Alijiambia hivyo siku nzima, akafikiria kwenda kwa Shakuru, akafikiria kwenda polisi, na kila njia aliyoifuata ilimfikisha mahali pamoja, kwa mwanamke yule akirudi chumbani peke yake na mumewe. Watoto walipokwisha kwenda alichukua mkasi, akakata uzi, akautoa ukurasa wa tano. Mahali pake akachora kuku aliyeficha kichwa chini ya bawa. Alichora vibaya, akafuta, akachora tena. Akajichukia kwa kila unyoya.

Kesho yake aliwasomea. Kuku anakasirika, anavuta pumzi mara tatu, anaficha kichwa, anangoja ipite.

"Hasemi tena?" Khadidja aliuliza.

"Hasemi."

"Juu ya nini?"

Asiya alitafuta uongo mzuri, akaukosa. "Juu mbwa iko mukubwa."

Khadidja aliitazama picha muda mrefu. Halafu akainua mkono, akaweka kichwa chini yake. Wenzake thelathini wakafanya vilevile, na darasa likawa kimya mpaka zikasikika nyundo za mafundi barabarani.

Alijifunza upesi, upesi kuliko alivyojifunza kusema. Wiki ya tatu ikaisha, likizo ikafika, na hakuna aliyeumwa. Béatrice alisimama mlangoni siku ya mwisho, akamtazama yule mtoto aliyekaa mkekani mikono mapajani, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Asiya, umefanya kazi. Trimesta inayokuja hii kitabu utasomea madarasa yote."

"Sawa, madamu," alijibu Asiya.

Saa ya chakula Eddy alichukua mkate wa Khadidja. Hata hakuunyang'anya, aliuokota tu mbele yake, akaula wote akimtazama usoni, maana siku hizi watoto wote walikuwa wamejua kwamba hakuna kitakachotokea. Khadidja aliweka kichwa chini ya mkono. Asiya alimwona, akavuka darasa, akapiga magoti karibu naye. Alitaka mtoto amuume mtu. Alitaka apige kelele, avunje kitu, amng'ate hata yeye.

"Khadidja," alimnong'oneza. "Niambie mi peke yangu. Unakasirika?"

Mtoto aliinua uso. Ulikuwa mkavu.

"Apana, metresi," alisema kwa adabu. "Mi sikasirikake tena."