Ufito wa Mwalimu Mariel

Wanaosema walimu wanalipwa kwa kulala wangekwenda San Eladio mwezi wa Julai, likizo ya majira ya baridi, wamtazame Mariel Tocchetto. Asubuhi ungemkuta uani anavunja barafu kwenye ndoo ya kuku wa mama yake. Kisha angerudi kukaa karibu na jiko la kuni, mkono mmoja kibuyu cha mate, ile chai chungu ya majani inayofyonzwa kwa mrija, na mwingine simu, akitazama picha za walimu wenzake waliokwenda kusini kuteleza kwenye theluji. Wamevaa miwani mikubwa, wanacheka meno nje. Mariel huwawekea kila mmoja moyo mwekundu, kisha huizima simu na kuwatukana kimoyomoyo. Alikuwa na miaka ishirini na sita, anafundisha darasa la tatu, na theluji alikuwa hajaiona ila kwenye televisheni.

Mchana alilala. Alipoamka alisahihisha madaftari mawili matatu, akayasukuma kando. Mvua ikinyesha, mama yake, Nélida, alikaanga maandazi ya mafuta ya ng'ombe, wakala wakitazama tamthilia ya Kituruki ambamo watu wote ni matajiri na wote wanalia. Dukani aliulizwa kila siku swali lile lile: "Mwalimu, unakula likizo?" Naye alijibu, "Inanila yenyewe." Watu walidhani ni utani.

Jumamosi alikwenda klabu kucheza truco, karata za wawili kwa wawili, na Leandro Hollmann, mchumba wake wa miaka minne. Katika truco mdomo unaruhusiwa kusema uongo, tena asiyejua kuwadanganya wapinzani akacheze na watoto. Lakini ishara unayompa mwenzako lazima iwe ya kweli. Ukimwinulia nyusi kwamba umeshika ree ya panga, karata kubwa kuliko zote, nawe umeshika takataka, mji mzima utajua na hutapata wa kukaa naye tena. Leandro alikuwa mwongo hodari wa meza ile, watu walimpenda kwa hilo, na hakuwahi kumpa Mariel ishara ya uongo hata mara moja. Mariel alijivunia. Mtu asiyemdanganya mwenzake kwenye karata, alijiambia, atamdanganyaje nje ya karata? Mapenzi yana namna ya kumfanya mtu aliyesoma chuo awaze hivyo.

Na nje ya karata mambo yalikuwa hivi. Marehemu bibi yake Leandro aliacha nyumba nzuri ya matofali, yenye mzabibu uani, na tangu azikwe ilikuwa imefungwa. Leandro alisema hiyo ndiyo itakuwa yao. Tatizo ni mama yake, Bi Irma, alisema. Bi Irma bado ana msiba, Bi Irma hataki mwanamke mwingine aguse mapazia ya mama yake, Bi Irma ana moyo mgumu kama watu wote wa vijiji vya walowezi wa Kijerumani, ngoja kwanza. Mariel akangoja. Mwaka uliopita, kwenye ugawaji wa nafasi za walimu, jina lake liliitwa la kwanza. Ilikuwa ajira ya kudumu, katika shule nzuri ya mji mkuu wa mkoa, nafasi ambayo wengine wanaipata mvi zikiwa zimeshaota. Alisimama mbele ya ukumbi mzima akasema anaipisha. Usiku wa kuamkia siku hiyo Leandro alikuwa amemwambia, "Mama ameanza kulainika." Kwa hiyo Mariel alibaki mwalimu wa muda San Eladio, akimchukia mwanamke ambaye hajawahi kugombana naye hata kwa neno moja.

Basi likizo hii Leandro alikuja na habari mpya.

"Nimeshamwambia mama," alisema. "Siku ya nguruwe utaona mwenyewe."

Siku ya nguruwe kwa akina Hollmann si siku ya kula tu. Huchinjwa baridi inapokaza, ukoo wote unakusanyika shambani kutengeneza soseji za mwaka mzima, na zile za kukaushwa huning'inizwa ghalani, kila nyumba na ufito wake, kila ufito na uzi wa rangi yake. Majirani waliokuja kusaidia hupewa soseji mbichi na za damu kwenye mfuko, pamoja na shukrani, kisha huenda zao. Ufito ni wa watu wa nyumba. Mwanamke akishawekewa ufito, padri anaweza kusubiri hata mwaka, jambo limekwisha. Na mwaka huo Bi Irma mwenyewe aliisogeza siku hiyo mpaka wiki ya pili ya likizo ili mwalimu awepo. Mariel alipolisikia hilo aliimba akiosha vyombo.

"Wamehitaji mikono," alisema Nélida.

"Mama, nawe!"

"Mimi sijasema kitu. Ila ngojangoja huumiza matumbo, na wewe kesho unakwenda kuyaosha."

Kweli aliyaosha. Kulipopambazuka uwanda ulikuwa mweupe kwa jalidi, nguruwe wawili wameshaning'inia, sufuria zinatoa mvuke. Mariel aliwekwa kwenye beseni la matumbo, akayageuza na kuyasugua kwa siki na maganda ya machungwa mpaka vidole vikawa vyekundu na havihisi kitu. Yanina, mdogo wake Leandro, alipita na ndoo.

"Wifi! Watoto wa shule wakuone sasa!"

"Wakinuka hivi wao, nawarudisha kwao."

"Afadhali wewe una likizo. Sisi wengine tunafanya kazi."

"Hii unaiita nini, mjinga wewe?"

Wakacheka wote. Ilikuwa siku nzuri, na hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote. Nyama ilisagwa, ikachanganywa na pilipili manga, kungumanga na kitunguu saumu kilicholowekwa kwenye divai. Bi Irma alikaanga kidonge kidogo cha kuonjea, na badala ya kuwapa dada zake alikileta moja kwa moja kwa Mariel kwenye ncha ya kisu.

"Onja, mwalimu. Chumvi je?"

"Imepungua kidogo, Bi Irma."

"Mmesikia? Ongezeni chumvi." Akamwangalia tena. "Una ulimi mzuri wewe."

Mariel alimtafuta Leandro kwa macho. Alikuwa kwenye mashine ya kusagia, anawatania wajomba, wote wanakufa kwa kicheko. Alimkonyeza. Mariel akainama tena kwenye beseni, uso wote umemwaka moto katika baridi ile.

Mchana wakaanza kufunga. Mariel alikuwa na mkono mwepesi, basi nyuzi zote zikaachwa kwake. Alifunga soseji za uzi mwekundu, za Bi Irma, na za uzi wa bluu, za mjomba wa mjini, na nyeupe za shangazi. Kikapuni likabaki bunda moja ambalo halijaguswa, la uzi wa kijani. Hakuthubutu kuuliza. Bi Irma alipita akifuta mikono kwenye aproni.

"Kijani ni cha nyumba ya bibi," alisema. "Zifunge vizuri hizo."

Moyo wa Mariel ulimruka mpaka akajikata kidole kwa mkasi. Hakuhisi. Zile za kijani alizifunga kama anayesuka nywele za bibi harusi, fundo moja moja, urefu sawasawa, hakuna kiputo hata kimoja cha hewa. Alishaanza kujiona ndani ya nyumba ile: mapazia ya bibi atayaacha palepale, hata mwaka mzima, ili Bi Irma asiumie.

Walipomaliza, wote wakaingia ghalani. Fito zikapandishwa moja moja, kila nyumba na makofi yake, ndivyo wanavyofanya. Ya mwisho ilikuwa ya kijani. Bi Irma aliushika ufito huo kwa mikono miwili na kusimama katikati.

"Nyumba ya mama imekaa baridi vya kutosha," alisema. "Sasa imepata watu. Yanina, njoo, mwanangu. Wewe na mchumba wako mhamie mwezi ujao."

Makofi yakapigwa. Yanina alipiga yowe, akamrukia mama yake shingoni. Mariel naye alipiga makofi. Mikono ilipiga yenyewe, kama mikono ya mtu mwingine. Halafu Bi Irma akaanza kugawa mifuko ya wasaidizi: jirani wa magharibi, dereva wa trekta, mke wa dereva. Mfuko wa nne ulikuwa mzito kuliko yote.

"Na huu wa mwalimu. Mungu akulipe, mwanangu, bila wewe tungekuwa bado na matumbo mkononi."

Mariel aliupokea. Leandro alikuwa kule pembeni anaosha mashine ya kusagia, mashine ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

"Bi Irma," alisema Mariel, "Leandro hakukwambia?"

"Aniambie nini?"

"Kuhusu nyumba. Kuhusu sisi wawili."

Bi Irma alimtazama mwanawe, kisha akamtazama Mariel, na usoni mwake hapakuwa na ugumu wowote. Palikuwa na mshangao mtupu.

"Mwanangu, mwaka wa nne huu mimi namuuliza. Mwalimu unamwoa lini, nyumba inaliwa na panya? Ananiambia wewe ndiye hutaki. Ati unangoja nafasi ya mjini, hapa kwako ni kituo cha basi tu. Nikasema, sawa, msichana amesoma, tusimlazimishe."

"Nafasi ya mjini niliitiwa," Mariel alisema polepole. "Nikaiacha. Aliniambia wewe ndiye hutaki."

"Mimi?" Bi Irma akajipiga kifuani kwa kiganja. "Mimi!"

"Jamani," Leandro akaingilia, mikono inachuruzika maji, "mwalimu kaanza kusahihisha madaftari likizo hii hii! Twendeni tukale, watu wana njaa."

Hakuna aliyecheka. Labda ilikuwa mara ya kwanza San Eladio Leandro Hollmann kusema utani ukaanguka chini hivyo. Mariel alisimama na mfuko wake, akiitafutia mahali ile chuki ya miaka minne. Keki alizoletewa na mama huyu akawapa kuku, salamu alizoitikia nusu mdomo, usiku aliomwombea mabaya, Mungu amsamehe. Yote yalimwendea mtu asiye na kosa, na mwenye kosa alikuwa anakunywa naye chai ya mate kila siku.

Bi Irma alikwenda ukutani, akashusha ufito mtupu, akatoa soseji kumi za kwake mwenyewe na kuanza kuzining'iniza. Kisha akamnyooshea Mariel kikapu cha nyuzi.

"Chagua rangi, mwanangu. Nyumba tutajenga nyingine, uwanja upo."

Hapo Mariel alimtazama Leandro. Kama angeona haya usoni pale, au huzuni, hata hasira, pengine angechagua rangi, maana mtu hachoki kujidanganya kwa siku moja. Lakini Leandro alikuwa ameukodolea macho ule ufito, uso umemparara, kama mtoto aliyeona sindano ya daktari. Alikuwa anaogopa. Aliogopa kwamba Mariel atakubali.

"Asante, Bi Irma," alisema Mariel. "Mfuko unanitosha. Nilikuja kusaidia."

Mwanamke yule alimkumbatia, wakanukiana kitunguu saumu na damu. Mariel alitoka.

Leandro alimfikia kwenye gari la Nélida, akihema.

"Umeniaibisha mbele ya ukoo mzima, Mari. Mambo kama haya watu huongea wawili."

"Tumeongea wawili miaka minne."

"Sikukudanganya hivyo unavyofikiri. Nilikuwa nangoja."

"Ulikuwa unangoja nini?"

Alifikiri. Masikini, alifikiri kweli, akikuna kichwa kwa mkono wenye mafuta. "Sijui," alisema mwishowe. "Tulikuwa sawa tu. Klabu, karata, likizo zako. Kwani tulikuwa na shida gani?" Na Mariel alipokuwa anafungua mlango, akaongeza, "Jumamosi ni mashindano. Nimeshatuandikisha. Utakuja?"

Mariel aliuweka mfuko kwenye kiti cha abiria.

"Ile nafasi ya mjini alipewa msichana aliyetoka chuo mwaka uleule," alisema. "Alikuwa analia kwa furaha. Mimi nilikuwa wa kwanza kumpongeza. Nilimbusu shavu."

Leandro alikunja uso, akimtazama kwa macho yake mazuri yasiyo na hila yoyote.

"Sasa hilo linahusiana nini na mimi?"

Aliuliza kwa dhati. Uongo wake Mariel angeweza kuubeba, watu wanabeba makubwa zaidi. Swali hilo ndilo lililomliza njia nzima mpaka nyumbani, akiendesha taratibu kwa sababu barabara ilishaanza kuganda.